Kobalti Kwanza: Mwongozo wa Kutoa Haidrojeni kwenye Haidraidi

Gramu 1 ya sodiamu borohaidraidi ni poda nyeupe isiyojaza hata kijiko cha chai. Ikipata maji na kichocheo kinachofaa, poda hiyo hutoa karibu lita 2.6 za haidrojeni kwenye nyuzi joto 25, kwa kanieneo ya usawa wa bahari. Gesi hiyo ikipelekwa kwenye seli ya fueli inayofanya kazi kwa volti 0.7, hupatikana umeme wa karibu wati-saa 4. Betri ya simu ya kisasa hubeba kama wati-saa 15, hivyo gramu 4 au 5 za poda zingetosha kuijaza, pasipo mtungi wa shinikizo wala mtambo wa kugandisha gesi.

Kinachosimama kati ya poda na umeme huo ni punje za metali ndogo kiasi kwamba hadubini ya kawaida ya shuleni haizioni. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kemia anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho, mwalimu mwenye maabara ndogo, na mhandisi anayetaka kujua kama njia hii inafaa kazi yake. Msimamo wake ni mmoja. Kutengeneza kichocheo kinachotoa mapovu kwa kishindo ni kazi ya asubuhi moja. Kazi yenyewe ni kukipima kwa uaminifu, kukifanya kidumu, na kujua borati, chumvi ya boroni inayobaki chini baada ya gesi kutoka, inapelekwa wapi.

Haidraidi mbili za kuanzia

Si haidraidi zote zinazohitaji kichocheo. Haidraidi ya kalsiamu huanza kutoa gesi mara tu inapoguswa na maji, na kwa sababu hiyo hiyo haimfai mtu anayetaka kufungua na kufunga gesi apendavyo. Inayofaa ni ile inayotulia ndani ya maji mpaka iguswe na metali.

Ya kwanza ni sodiamu borohaidraidi, NaBH4. Hermann Schlesinger na msaidizi wake Herbert C. Brown waliifikia katika Chuo Kikuu cha Chicago wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, katika utafiti wa kusaka misombo ya urani inayogeuka mvuke kwa urahisi. Kazi ya urani ikachukua njia nyingine, lakini kitengo cha mawasiliano cha jeshi la Marekani kikavutiwa na poda hiyo, kwa kuwa ingeweza kujaza maputo kwa haidrojeni popote penye maji. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953, na Brown akapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1979. Katika majaribio yale waliona kwamba chumvi ya kobalti ikitiwa kidogo tu, gesi hububujika na kitu cheusi hutokea ndani ya maji. Vichocheo vingi vinavyoelezwa hapa ni uzao wa kitu kile cheusi.

Mmenyuko wenyewe ni mfupi: NaBH4 + 2H2O → NaBO2 + 4H2. Nusu ya haidrojeni hutoka kwenye poda na nusu hutoka kwenye maji. Hilo limethibitishwa kwa kutumia maji mazito, yenye deuteri badala ya haidrojeni ya kawaida: gesi inayotoka huwa kwa sehemu kubwa ni HD, yaani atomu moja kutoka kila upande. Hapo ndipo kazi ya metali inapoeleweka. Uso wake hushika atomu ya haidrojeni iliyotoka kwenye borohaidraidi na kuikutanisha na nyingine iliyobanduliwa kwenye maji, kisha jozi hiyo huondoka ikiwa gesi.

Maji matupu hayaitunzi poda hii. Kwa hesabu ya Kreevoy na Jacobson ya mwaka 1979, kwenye nyuzi joto 25 nusu ya borohaidraidi humalizika kwa muda wa kama saa 1 pH ikiwa 10. pH ikiwa 14, muda huo hufika siku 430 hivi. Ndiyo maana mmumunyo wa fueli hutiwa haidroksaidi ya sodiamu, ile ile kostiki soda ya watengeneza sabuni. Vaa glavu na miwani ya maabara tangu hatua hii, kwa sababu kostiki ikiruka jichoni madhara yake ni ya kudumu.

Ya pili ni amonia borani, NH3BH3, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza na Sheldon Shore na Robert Parry mwaka 1955. Haidrojeni ni asilimia 19.6 ya uzito wake. Huyeyuka katika maji ya kawaida na kutulia humo bila alkali. Metali ikiingia, kila molekuli yake hutoa molekuli 3 za haidrojeni. Ubaya wake ni bei, pamoja na amonia inayoweza kupanda na gesi, hasa mmumunyo ukiwa mzito. Amonia hata kidogo hudhoofisha utando wa seli ya fueli.

Kwa mtu anayetaka kulinganisha vichocheo, amonia borani ndiyo bora, kwa sababu bila metali haifanyi lolote la kuhesabika na gesi yote inayopimwa ni kazi ya kichocheo. Anayetaka kuendesha kifaa achukue sodiamu borohaidraidi yenye alkali. Kuchanganya malengo haya mawili ndiko kunakozaa ripoti nyingi zisizolinganika.

Metali ipi, na kwa nini ndogo hivyo

Mwaka 1962 Herbert Brown na Charles Brown walizipanga metali kwa kasi ya kutoa gesi kwenye borohaidraidi. Rutheniamu na rodiamu zilikuwa mbele, zikifuatwa na platinamu, halafu kobalti na nikeli. Osmiamu, iridiamu, chuma na paladiamu zilibaki nyuma. Tazama vizuri nafasi ya kobalti. Iko jirani na platinamu, ilhali bei zao haziko jirani hata kidogo.

Rutheniamu imefanyiwa kazi nyingi nzuri. Katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mashariki ya Kati, Ankara, Saim Özkar na wenzake walitumia miaka mingi kutengeneza chembe nano za rutheniamu na metali nyingine zinazobaki zimetawanyika majini, na si ajabu kazi hiyo ilistawi Uturuki, nchi yenye zaidi ya nusu ya akiba ya boroni inayojulikana duniani. Nchini Japani, Qiang Xu na Manish Chandra walionyesha mwaka 2006 kwamba amonia borani huachia haidrojeni yake kwa dakika chache tu mbele ya platinamu. Mwaka huo huo wakaonyesha kwamba kobalti, nikeli na shaba nazo zinaweza. Mwaka 2008 kundi la Xu likafanya jambo la kushangaza zaidi: chembe za chuma, zilizozaliwa ndani ya mmumunyo ule ule wa amonia borani, zilikaribia kasi ya platinamu. Siri ilikuwa mpangilio wa atomu. Chembe hizo hazikuwa na umbo la fuwele, na chuma kilichoandaliwa kando kwa njia ya kawaida hakikufika huko.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki na Kati, kobalti ina sababu ya ziada ya kutangulia. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika ukanda wa Lualaba na Haut-Katanga, kwenye miji kama Kolwezi na Likasi ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya mgodini. Tanzania nayo ina mbale ya Kabanga, wilayani Ngara, yenye nikeli pamoja na kobalti na shaba. Madini ya Kongo huondoka kwa sehemu kubwa yakiwa ghafi au nusu ghafi. Maabara ya eneo hili inayojua kuyageuza kuwa kichocheo inafanya kazi yenye maana kubwa kuliko alama za mtihani.

Sasa suala la udogo. Kichocheo hufanya kazi usoni tu, na atomu iliyozikwa katikati ya punje haigusi maji wala haidraidi. Fungu kamili la atomu 13 lina atomu 12 usoni. La atomu 55 lina 42. La atomu 561, ambalo upana wake ni kama nanomita 2 hadi 3, lina 252, chini kidogo ya nusu. Katika punje inayoonekana kwa macho, karibu atomu zote zimefichika ndani. Gogo na vijiti vilivyochanjwa kutoka gogo hilo ni mti mmoja, lakini mpishi anajua kipi kinashika moto upesi.

Udogo huo una gharama. Chembe ndogo hutafutana, hushikana na kuwa mabonge, na uso uliolipiwa hupotea. Kuna njia mbili za kuzuia hilo. Moja ni kuzivika polima kama polivinilipirolidoni, ambayo huzitenga zikiwa zimetawanyika majini. Kasi huwa nzuri, lakini kuzichuja baadaye ni taabu, na polima ikizidi huziba uso. Nyingine ni kuzipandikiza kwenye kibebeo: kaboni, alumina, shanga za resini, au povu la nikeli. Kwa anayeanza, kaboni amilifu inatosha, inapatikana, na haina masharti.

Kutengeneza kobalti-boroni

Kipimo kinachofuata kimefanywa kidogo makusudi. Gesi yote inayoweza kutoka ni karibu mililita 100 kwenye usawa wa bahari, na hicho ni kiasi ambacho maabara yenye hewa ya kutosha inakimudu. Haidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, na cheche ya milijuli 0.02, ndogo kuliko ile ya umeme wa nguo, inatosha kuiwasha. Mwali wake hauonekani vizuri mchana. Zima vichomeo vyote, fanya kazi ndani ya kabati la kuvutia mvuke, na kamwe usifunge chombo kinachotoa gesi.

Pima miligramu 24 za kloraidi ya kobalti yenye maji, CoCl2·6H2O, sawa na milimoli 0.1 ya kobalti. Iyeyushe katika mililita 10 za maji yaliyokenekwa; maji yatageuka waridi. Tia miligramu 100 za kaboni amilifu, koroga, na uache usiku kucha ili chumvi iingie kwenye vitundu. Chumvi za kobalti ni sumu na hushukiwa kusababisha saratani, kwa hiyo poda yake haipulizwi, haiguswi kwa mkono mtupu, na mizani husafishwa kwa kitambaa chenye maji.

Asubuhi weka chombo ndani ya barafu. Katika bika nyingine yeyusha miligramu 40 za sodiamu borohaidraidi kwenye mililita 5 za maji baridi, na uitumie papo hapo, maana katika maji yasiyo na alkali inaanza kuisha. Idondoshe tone kwa tone huku ukikoroga. Ukiwa umeacha sampuli ya pili bila kaboni, utaona rangi ya waridi ikizama na kuwa nyeusi tone la kwanza likiingia tu. Borohaidraidi hapa inafanya kazi mbili kwa pamoja: inaipokonya kobalti chaji yake na kuifanya metali, na wakati huo huo inaipa boroni. Kinachozaliwa huandikwa Co-B, kwa sababu ni mchanganyiko usio na fuwele ambao hauna fomula moja ya kudumu.

Hewa ina neno katika matokeo. Glavee, Klabunde na wenzao walionyesha mwaka 1993 kwamba katika maji, chini ya gesi ya argoni, hupatikana boraidi ya kobalti, Co2B. Oksijeni ikiingia, boroni ndiyo inayooksidika kwanza na kuacha metali ya kobalti. Watafiti wawili wanaofuata maelekezo yale yale, mmoja kwenye hewa na mwingine kwenye argoni, hawana kichocheo kimoja. Kama maabara haina argoni, fanya kwenye hewa bila wasiwasi, lakini andika hivyo kwenye daftari, na ufanye hivyo hivyo kila mara.

Mapovu yakikoma, chuja, osha kwa maji mara kadhaa, kisha kwa ethanoli. Chembe zenye kobalti mara nyingi hufuata sumaku, hivyo sumaku nzito chini ya chombo inaweza kufanya kazi ya karatasi ya kuchujia. Hifadhi kichocheo kikiwa kimelowa. Co-B iliyokauka kabisa inaweza kushika moto yenyewe inapokutana na hewa, na ethanoli iliyo karibu nayo itaukuza moto huo.

Kupima bila kujidanganya

Vifaa ni vichache: chupa yenye midomo miwili, beseni la maji linalodumishwa kwenye nyuzi 25, kikorogeo cha sumaku, mpira, na bureti au silinda ya vipimo iliyojazwa maji na kupinduliwa. Gesi inayoingia husukuma maji chini, na saa inaandika mengine. Weka kichocheo chenye milimoli 0.02 ya kobalti pamoja na mililita 10 za maji kwenye chupa, funga mpira, kisha ingiza milimoli 1 ya amonia borani, yaani miligramu 31, na uanze kuhesabu muda.

Gesi inayotarajiwa ni milimoli 3. Hapa pana mtego ambao vitabu vilivyoandikwa kwenye nchi za tambarare havionyi. Dar es Salaam, penye kanieneo ya karibu kilopaskali 101, milimoli 3 za haidrojeni iliyolowa mvuke zitasomeka kama mililita 76 kwenye silinda. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 na yenye kanieneo ya karibu kilopaskali 83, kiasi kile kile kitasomeka kama mililita 93. Mwanafunzi wa Nairobi anayegawanya kwa lita 24.5 kwa moli, kama kitabu kinavyosema, ataripoti kwamba haidraidi yake imetoa zaidi ya asilimia 120 ya gesi iliyokuwemo. Soma barometa ya siku hiyo, toa kanieneo ya mvuke wa maji, ambayo ni kilopaskali 3.2 kwenye nyuzi 25, na utumie kinachobaki katika hesabu.

Kabla ya kusifu kichocheo, fanya jaribio tupu mara mbili: haidraidi bila chochote, na haidraidi pamoja na kaboni isiyo na kobalti. Gesi itakayotokea hapo inapunguzwa kwenye matokeo. Halafu badilisha mwendo wa kukoroga. Kasi ya gesi ikiongezeka kwa kukoroga zaidi, unachopima bado ni jinsi haidraidi inavyosafiri majini, na uso wa metali haujapewa nafasi ya kuonyesha kasi yake halisi. Ongeza mwendo mpaka kasi isibadilike, ndipo uanze kuandika namba.

Kasi hutolewa kama moli za haidrojeni kwa kila moli ya metali kwa dakika. Tuseme nusu ya gesi, milimoli 1.5, imetoka kwa dakika 5 kwa kutumia milimoli 0.02 ya kobalti. Hiyo ni 1.5 kugawanya kwa 0.02 mara 5, yaani 15. Sema wazi kwamba umehesabu kobalti yote uliyoitia, kwa kuwa wengine huhesabu ile ya usoni pekee, na namba zao huonekana kubwa maradufu kwa kazi ile ile. Rudia kwenye nyuzi 25, 30, 35 na 40 ili kupata nishati ya kuanzisha mmenyuko, na kipimajoto kiwe ndani ya chupa yenyewe. Mmenyuko huu hutoa joto. Beseni linaweza kusoma 25 wakati ndani ya chupa ni 29.

Kuna swali lingine ambalo mtahini mzuri atauliza: ni chembe zinazofanya kazi, au ni kobalti iliyoyeyuka tena majini? Chuja kichocheo mmenyuko ukiwa katikati, na uendelee kupima maji yaliyochujwa. Gesi ikikoma, chembe ndizo zilizokuwa kazini.

Baada ya hapo ndipo unakuja uvumilivu. Ingiza milimoli nyingine ya haidraidi kwenye chupa ile ile, na nyingine tena, angalau mara tano, ukichora mchoro wa kila mzunguko. Vichocheo vingi vyenye kasi ya kupendeza siku ya kwanza hushuka hapa. Sababu ni tatu na zinatofautika. Borati ikiganda usoni, kuosha kwa maji ya uvuguvugu hurudisha kasi. Chembe zikishikana, kuosha hakusaidii, na hadubini ya elektroni itaonyesha mabonge. Chembe zikibanduliwa na mapovu, maji yatakuwa na weusi na kichocheo kitakuwa kimepungua uzito. Ripoti inayotaja sababu ya kushuka ina thamani kuliko ripoti ya kasi kubwa iliyopimwa mara moja.

Kutoka chupani hadi kwenye kifaa

Seli ya fueli inayofanya kazi kwa volti 0.7 hula mililita 11 za haidrojeni kwa dakika kwa kila wati. Kifaa cha wati 10 kinahitaji basi mililita 110 kwa dakika, yaani gramu 2.5 za sodiamu borohaidraidi kwa saa. Kwa mmumunyo wenye asilimia 10, hiyo ni gramu 25 za maji ya fueli kwa saa. Pampu ndogo ya kudondosha inaiweza.

Poda ya kichocheo haifai hapa, kwa sababu huchukuliwa na maji. Kinachofaa ni povu la nikeli, lile lenye matundu kama sponji, lililopakwa Co-B kwa kulichovya kwenye chumvi ya kobalti na kisha kwenye borohaidraidi, mara nyingi kwa zamu. Fueli hupita juu yake, gesi hutoka upande mmoja na borati upande mwingine. Muundo mwingine hufuata kanuni ya kifaa cha Kipp cha maabara za zamani: gesi isipotumika, shinikizo lake husukuma maji mbali na kichocheo na mmenyuko hujisimamisha. Njia hii ya pili ni salama zaidi kwa anayejenga mara ya kwanza, mradi kuwe na vali ya kupumulia.

Joto lisidharauliwe. Kila moli ya borohaidraidi hutoa karibu kilojuli 210. Kwenye kifaa cha wati 10 kinachokwenda polepole, hiyo ni kama wati 4 za joto, jambo dogo. Lakini mmumunyo wenye gramu 16 za borohaidraidi kwa gramu 100 za maji, ukimwagiwa kichocheo wote kwa mkupuo, una joto la kutosha kujichemsha na kutapika kostiki ya moto. Fueli ndiyo inayopelekwa kwenye kichocheo kidogo kidogo. Kichocheo hakimwagwi kwenye fueli.

Kipimo hicho cha gramu 16 kina sababu nyingine. Borohaidraidi yenyewe huyeyuka hadi gramu 55 katika gramu 100 za maji kwenye nyuzi 25, lakini borati inayotokana nayo huyeyuka gramu 28 tu. Ukizidisha fueli, borati huganda ndani ya mabomba na juu ya povu la nikeli. Kwa hiyo karatasi inasema haidrojeni ni karibu asilimia 11 ya uzito wa poda na maji yanayomenyuka, ilhali chombo kinachofanya kazi bila kuziba hubeba kati ya asilimia 2 na 3. Hesabu ya namna hii ndiyo iliyoyabana magari. Mwaka 2001 Chrysler ilionyesha gari la Natrium, lililoendeshwa kwa sodiamu borohaidraidi ya kampuni ya Millennium Cell. Gari lilikwenda. Lakini mwaka 2007 Wizara ya Nishati ya Marekani ilipokea pendekezo la kuachana na njia hii kwa magari, kwa sababu ya uzito na gharama ya kuirudisha borati kuwa fueli. Vifaa vidogo vinavyohitaji umeme wa saa nyingi mbali na gridi, kama redio, vihisi na ndege zisizo na rubani, hesabu yake ni tofauti, na hapo ndipo mhandisi aelekeze nguvu.

Mabaki yasimwagwe shambani. Mimea huhitaji boroni kwa kiasi kidogo sana, na ikizidi kidogo tu majani huungua kingoni. Kabla ya kuhifadhi mabaki, malizia borohaidraidi iliyosalia: ongeza maji mengi, kisha dondosha asidi hafifu ya asetiki polepole sana, chombo kikiwa wazi ndani ya kabati la mvuke. Asidi kali, au asidi nyingi kwa mara moja, hutoa gesi yote kwa pumzi moja. Kobalti iliyochujwa iwekwe kwenye chupa yake yenye lebo, kwa sababu ni sumu na pia ni mali.

Kuirudisha borati kuwa borohaidraidi kunawezekana. Njia inayochunguzwa sana ni kuisaga kwa mipira ya chuma pamoja na haidraidi ya magnesiamu: NaBO2 + 2MgH2 → NaBH4 + 2MgO. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha China Kusini, Guangzhou, watafiti wameonyesha kwamba hata borati yenye maji ndani yake inaweza kusagwa moja kwa moja na magnesiamu, na haidrojeni ikatoka kwenye maji hayo. Gharama ya kuirudisha ni magnesiamu: kwa borati kavu, gramu 1.3 hivi kwa kila gramu 1 ya borohaidraidi iliyorudi, na magnesiamu nayo hutengenezwa kwa nishati nyingi. Pima basi borati iliyokusanywa mwishoni mwa mradi, ikaushe kwa joto linalojulikana, uandike uzito wake kabla na baada ya kukauka. Maji yaliyomo ndani yake ndiyo yataamua ni kiasi gani cha magnesiamu mtu wa zamu inayofuata atahitaji.